Kushuka na kusukuma si aibu

Mashindano ya baiskeli ya milimani yanatufundisha nini kuhusu maji, chumvi na nguvu ya mwili?

Siku moja ya kiangazi, saa nane mchana, vijana wanne walifika kwenye kituo cha afya wakiwa wamembeba mzee juu ya mlango wa mbao. Wengi wenu mnamfahamu, kwani ndiye anayeleta mihogo kutoka sokoni kwa baiskeli. Hapa tutamwita Papa tu, kama tunavyomwita kila siku. Alikuwa anapanda kile kilima kirefu cha kutoka sokoni, magunia mawili nyuma. Hakushuka kwenye baiskeli. Alipokaribia juu macho yakaingia giza, baiskeli ikaenda upande wake na yeye upande wake.

Sisi wahamasishaji wa afya tulidhani ni malaria. Kipimo kilionyesha hana. Homa hakuwa nayo. Midomo ilikuwa imekauka, moyo unakwenda mbio, na tangu asubuhi alikuwa amekojoa mara moja tu, mkojo wa rangi ya chai kavu. Alipoulizwa amekula nini, alijibu: "Jana jioni, ugali." Alipoulizwa amekunywa nini, alisema maji yako nyumbani.

Alilazwa kivulini, miguu ikainuliwa kidogo. Alipopata fahamu vizuri na kuweza kumeza, alipewa ORS kwa kikombe, kidogo kidogo. Baada ya saa mbili aliweza kukaa. Jambo la kwanza aliloulizia ni magunia yake.

Siku hizo tulikuwa na muuguzi mgeni, dada kutoka jimbo la Colorado huko Marekani, aliyefanya kazi nasi kwa miezi michache. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria. Alimwuliza mzee: "Papa, kwa nini hukushuka ukasukuma?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nishuke mbele ya vijana? Mimi nilianza kubeba mizigo kwa kinga huko Uvira, kabla hawajazaliwa. Nikishuka watasema Papa amekwisha."

Dada muuguzi alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda. "Basi ngoja nikusimulie," alisema, "siku niliyosukuma baiskeli yangu mbele ya watu zaidi ya elfu moja."

Nawaandikia hadithi hiyo kwa sababu ndani yake mna mambo ya afya yanayotuhusu sote, hata asiyekuwa na baiskeli.

MJI ULIOBAKI BILA KAZI

Katika milima ya Rocky, jimboni Colorado, kuna mji mdogo uitwao Leadville. Uko juu sana, karibu mita 3,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa sisi tuliotoka Kivu, tuseme hivi: mji wenyewe uko juu kidogo kuliko kilele cha Nyamulagira. Watu wanaishi huko, wanalala huko, watoto wanasoma huko.

Kwa miaka mingi mji huo uliishi kwa mgodi wa Climax, uliochimbwa madini ya molibdenamu yanayotumika kuimarisha chuma. Mwaka 1982 mgodi ulifungwa na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Wengine walihama. Waliobaki walibaki na nyumba, baridi na milima.

Mmoja wa wachimbaji hao, Ken Chlouber, alifikiri kwamba kama mji hauna kitu kingine isipokuwa milima, basi milima ndiyo iwaite wageni. Mwaka 1983 alianzisha mbio za miguu za maili 100, yaani kilomita 160. Mwaka 1994 yakafuata mashindano ya baiskeli ya umbali huohuo, katika njia za mawe, vumbi na tope. Wageni wakaja, nyumba za wageni zikapata watu, maduka yakapata wateja. Mashindano hayo hufanyika kila mwaka mwezi wa Agosti.

Wako mabingwa wanaokuja kushinda. Lakini wengi wa washiriki ni watu wa kawaida: walimu, mafundi, madereva, wauguzi kama dada yetu. Hao hawashindani na mabingwa. Wanashindana na saa. Anayemaliza ndani ya saa 12 hupewa bizimu ya mkanda, ile ya chuma inayofunga mshipi kiunoni. Anayemaliza ndani ya saa 9 hupewa iliyo kubwa zaidi. Njiani kuna vituo vyenye saa ya mwisho, na anayechelewa hapo anasimamishwa.

Hapa Papa aliingilia. "Wanalipwa kiasi gani?"

"Hawalipwi, Papa. Wao ndio wanaolipa. Mamia ya dola."

Chumba kizima kilicheka. "Wanalipa ili wateseke?" Papa aliuliza. "Sisi tunateseka bure."

Dada muuguzi alicheka pia. Akasema swali hilo mama yake mzazi alimwuliza vilevile.

SAA KUMI NA MBILI NA NUSU ASUBUHI

Walianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika baridi inayokaribia ile ya kugandisha maji. Kwa hiyo ili apate bizimu ilimpasa kurudi mjini kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Njia ni ya kwenda na kurudi: kilomita 80 hadi kwenye mgodi wa zamani uitwao Columbine, kisha unageuza na kupanda tena milima uliyoshuka.

Baiskeli yake ilikuwa nyepesi, kama kilo 12, yenye gia nyingi na magurudumu mapana. Papa alitaka kujua hilo. Ya kwake peke yake inazidi kilo 20, haina gia, na siku ile ilibeba kilo mia moja na zaidi. Dada muuguzi alikiri waziwazi: "Papa, wewe unabeba kuliko sisi. Lakini mwili ni uleule."

Kosa la kwanza, alisema, alilifanya katika saa mbili za mwanzo. Watu walikuwa wengi, wote wanakwenda mbio, naye hakutaka kuachwa. Katika mlima wa kwanza, uitwao St. Kevins, alipanda akiwa anahema hata hawezi kusema neno. Mfukoni alikuwa na mkate, ndizi na viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi. Hakuvigusa. Alijisemea atakula mbele, njia ikiwa nzuri.

Ndugu msomaji, hebu tusimame hapa kidogo.

Misuli na ini vinaweka akiba ya sukari. Akiba hiyo si kubwa: kwa mtu mzima aliyelishwa vizuri ni kama gramu 400 hadi 500. Ukifanya kazi nzito mfululizo, inaweza kukaribia kwisha kwa muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili. Mafuta ya mwilini yapo, lakini yanaleta nguvu polepole. Hayawezi peke yake kukupandisha mlima kwa kasi. Akiba ya sukari ikiisha, miguu inakuwa mizito ghafula, mikono inatetemeka, kichwa kinakuwa chepesi, na mtu anakuwa na hasira au anataka kulia bila sababu.

Mtu aliyelala na njaa anaanza asubuhi akiwa na akiba pungufu. Hivyo ndivyo Papa alivyoanza siku yake. Alikuwa kama mtu anayekwenda sokoni na mfuko uliotoboka.

MLIMA WA COLUMBINE

Baada ya kilomita kama 64 njia inafika mahali paitwapo Twin Lakes, kwenye maziwa mawili, kama mita 2,800 juu ya bahari. Kutoka hapo mlima wa Columbine unaanza. Kwa mwendo wa kilomita kama 12 unapanda takriban mita 1,000, hadi kufikia karibu mita 3,800. Huko ni juu kuliko kilele cha Nyiragongo, ambacho ni mita 3,470. Miti inaisha, yanabaki mawe na upepo.

Juu kiasi hicho hewa ni nyepesi. Kila pumzi inakuletea oksijeni karibu theluthi mbili tu ya ile ambayo ungepata pwani. Moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa. Mtu asiyezoea huumwa kichwa, hukosa hamu ya chakula na hutapika. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mlimani ni kuacha kupanda, na hali ikizidi, kushuka.

Katika sehemu ya juu ya Columbine njia ni ya mawe yaliyolegea, tena imesimama. Hapo dada muuguzi aliona kitu ambacho hakukitegemea. Mbele yake palikuwa na mstari mrefu wa watu wakitembea kwa miguu, wamekamata usukani, wanasukuma. Wanaume wenye miguu kama nguzo, wanawake wenye umri wa mama yake, vijana. Kimya kabisa. Unasikia pumzi na mawe tu.

"Kwa nini hawakushika lori?" Papa aliuliza. Sisi tuliopita Burundi tulielewa swali lake. Tumewaona vijana wa Bugarama wanavyoshuka na mikungu ya ndizi hadi Bujumbura, na wakati wa kurudi juu wanavyoning'inia nyuma ya malori. Wengine wamepoteza maisha kwa njia hiyo.

"Kule hakuna lori," dada alijibu. "Na ukishika gari unatolewa mashindanoni. Tulisukuma."

Yeye mwenyewe alijaribu kuendelea kukanyaga, kwa kiburi, mita hamsini hivi. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akisukuma kando yake alikuwa na mwendo uleule, lakini yeye anahema taratibu. Dada aliona anamaliza nguvu zake bila kupata faida hata ya hatua moja. Akashuka.

Hilo ndilo jambo ambalo wapanda milima wazoefu wanalijua. Mlima ukisimama sana, mwendo wa anayekanyaga kwa shida na wa anayesukuma unakaribia kulingana, lakini gharama ndani ya mwili hailingani. Anayekanyaga kwa nguvu za mwisho anateketeza akiba yake ya sukari haraka. Anayesukuma anaitunza kwa ajili ya njia iliyobaki.

ALIPOTAPIKA

Kosa la pili lilikuwa la maji, na hili lilitushangaza zaidi.

Dada muuguzi hakusahau kunywa. Alikunywa sana. Kila alipoona kituo alijaza chupa, akanywa maji matupu, akajaza tena. Chakula hakula, chumvi hakuonja. Alipofika kwenye mgodi wa Columbine mahali pa kugeuzia, kichwa kilikuwa kinagonga, vidole vimevimba hata pete inabana, na tumbo linacheza kama ngoma. Akatapika kando ya njia. Akaona kiu bado iko, akataka kunywa tena.

Mtu mmoja wa kujitolea alimshika mkono akamkalisha. Alimwuliza jina lake, tarehe ya siku hiyo, na mara ya mwisho kukojoa. Akamnyima maji matupu. Akampa supu ya tambi yenye chumvi, kijiko kwa kijiko, na kipande cha ndizi. Akamwambia: kichwa kikizidi kuuma, au ukianza kuchanganyikiwa, hakuna mashindano tena, ni kushuka kwa gari kwenda hospitali.

"Nililia," dada alituambia. "Si kwa maumivu. Mimi ndiye ninayewafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari. Na siku ile nilisahau yote."

Hili tulieleze vizuri. Jasho si maji matupu, ndiyo maana ukililamba lina ladha ya chumvi. Mtu anayefanya kazi nzito kwenye joto anaweza kutoa nusu lita hadi lita moja ya jasho kwa saa, na wengine hata zaidi. Asipokunywa kabisa, damu inapungua maji, moyo unahangaika, mtu anazimia. Lakini akinywa maji matupu mengi kupita kiasi kwa saa nyingi bila chakula wala chumvi, chumvi iliyo kwenye damu inazimuliwa, yaani inakuwa nyepesi mno. Hapo kichwa kinauma, mtu anatapika, mikono inavimba, anachanganyikiwa. Ikizidi, anaweza kupata degedege na kufa. Wanariadha wamekufa kwa njia hiyo.

Kwa watu wengi wa kambini hatari kubwa ni ile ya kwanza, ya kunywa kidogo mno. Msije mkaogopa maji! Ila mjue kwamba maji yanahitaji wenzake: chakula na chumvi kidogo.

PAKITI ILIYOTHIBITISHWA KAMBINI

Je, kwa nini supu yenye chumvi na ndizi yenye sukari vilimsaidia kuliko maji peke yake?

Katika ukuta wa utumbo kuna milango midogo sana. Mmoja wa milango hiyo unahitaji funguo mbili kwa pamoja: chumvi na sukari. Chumvi ikifika pamoja na sukari, mlango unafunguka, vyote viwili vinaingia kwenye damu, na maji yanafuata nyuma. Mwanasayansi Robert Crane alieleza kazi ya mlango huo mwaka 1960. Kutokana na ujuzi wa jinsi hiyo, watu wa michezo na watu wa tiba walifika karibu mahali pamoja. Mwaka 1965 Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walitengeneza kinywaji cha maji, chumvi na sukari kwa ajili ya wachezaji wao. Katika miaka hiyohiyo waganga waliokuwa wakipambana na kipindupindu huko Dhaka na Kolkata walikuwa wakijaribu mchanganyiko wa namna hiyo kwa wagonjwa wa kuhara.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu sisi. Mwaka 1971 vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh viliwafanya watu karibu milioni 10 wakimbilie India. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kiliingia miongoni mwa wakimbizi. Wagonjwa walilala sakafuni, na dripu zikawa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kutumia alichokuwa nacho: chumvi na sukari ya glukosi vilivyopimwa na kufungwa katika pakiti, vikachanganywa na maji safi katika mapipa yenye bomba. Ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha, kikombe baada ya kikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu wagonjwa 30 katika kila 100. Kwa njia hiyo vifo vilishuka hadi chini ya 4 katika kila 100.

Wataalamu wengi hawakuamini kwamba jambo rahisi hivyo linaweza kutibu ugonjwa mkali hivyo. Lakini wakimbizi na ndugu zao walikuwa wamelithibitisha kwa vikombe vyao. Daktari Mahalanabis alifariki mwaka 2022. Pakiti ya ORS unayopewa dirishani hapa kituoni, ambayo sisi tuliotoka Kongo tumezoea kuiita SRO, ni ya ukoo huo. Usiidharau kwa sababu ni ya bure.

KUPANDA TENA

Dada muuguzi alikaa kwenye mgodi karibu dakika arobaini. Kichwa kilipopungua na alipokojoa, walimruhusu. Alishuka polepole hadi Twin Lakes, akala viazi vyake vyote. Kisha akaanza kurudi, akila kidogo kila nusu saa hata kama hataki, na kunywa kwa kadiri ya kiu yake.

Mlima mbaya zaidi ulikuwa bado. Unaitwa Powerline, kwa sababu njia inafuata nguzo za umeme. Asubuhi waliushuka, sasa, baada ya kilomita zaidi ya 120, wanaupanda. Mwanzo wake umesimama kama ngazi. Dada alisema hakuona mtu hata mmoja karibu naye akikanyaga. Wote walisukuma. Kila alipofika mahali palipoonekana kama kilele, kilele kingine kilitokea nyuma yake. Mara mbili msuli wa paja ulimkaza hata akalala chini kando ya njia. Mpita njia mmoja alimnyoosha mguu, akamwachia kipande cha mkate wenye chumvi, akaenda zake.

Aliingia mjini jua likiwa limeshuka. Watu walikuwa bado wamesimama kando ya barabara wakipiga makofi. Saa kubwa ya mwisho ilisoma saa 12 na dakika 14.

"Kwa hiyo hukupata ule mkanda," Papa alisema.

"Sikupata."

"Dakika kumi na nne."

"Kumi na nne."

Papa alinyamaza kidogo, akahesabu kitu kichwani. "Ungekula kile kiazi asubuhi, ungepata?"

"Pengine, Papa. Na zile dakika arobaini za kutapika zisingekuwapo."

"Mimi," Papa alisema, "ningekula."

Tulicheka sote, naye akacheka. Kisha dada muuguzi akamwambia: "Basi kesho kula."

MAISHA NI YALEYALE, MLIMA NI ULEULE

Tusidanganyane, ndugu msomaji. Yule dada alilipa ili apande mlima, na akishindwa anarudi nyumbani kula. Papa anapanda kwa sababu posho haitoshi mwezi na ana watoto watano. Kumwambia apumzike wiki moja ni maneno matupu. Ndiyo maana makala hii haisemi acheni kazi. Inasema gawanyeni nguvu, kwa sababu anayeanguka kilimani anapoteza siku tatu za kazi, na pengine zaidi ya hizo.

Papa alilala nyumbani siku mbili. Jirani alimpelekea magunia yake, na mihogo haikupotea hata mmoja. Siku ya tatu alirudi barabarani. Asubuhi anakunywa uji wenye chumvi kidogo kabla ya kutoka. Kwenye usukani amefunga chupa ya plastiki yenye maji ya bomba la kambi. Akifika chini ya kilima kirefu anashuka, anakamata usukani, anasukuma.

Vijana walimcheka siku mbili za mwanzo. Siku iliyofuata gunia lake lilikuwa limelegea, na mmoja wao alishuka kwenye baiskeli yake akaja kulisukuma kwa nyuma. Wakaenda hivyo hadi juu, wanazungumza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Usitoke kufanya kazi nzito na tumbo tupu. Uji, kiazi, muhogo uliopikwa au ugali uliobaki jana, uliohifadhiwa vizuri, ni akiba ya njiani. Kula kidogo kabla njaa haijakushika.

2. Beba maji safi ya bomba katika chupa iliyooshwa. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Mkojo wa rangi ya chai kavu ni dalili kwamba mwili unadai maji.

3. Kwa kazi ya kawaida, maji na chakula chenye chumvi vinatosha. Pakiti za ORS tuwawekee wanaoharisha na waliokaukiwa maji. Mwenye shinikizo la damu asiongeze chumvi bila kuuliza kituoni.

4. Mtoto au mtu mzima akianza kuharisha, mpe ORS mara moja. Changanya pakiti kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Kama pakiti hakuna, tumia lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usizidishe chumvi. Endelea kumnyonyesha mtoto na kumpa chakula, na umlete kituoni.

5. Kuhara maji mengi kama maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu. Usingoje asubuhi. Mnyweshe mgonjwa njiani huku mkimleta.

6. Kilima kikisimama, shuka usukume. Usishike lori.

7. Simama kabisa, kaa kivulini na uite msaada ukiona kizunguzungu, kutetemeka, kutapika, kichwa kinachouma sana au maneno yanayochanganyika. Mtu aliyezimia asinyweshwe kitu hadi apate fahamu. Mlaze kwa ubavu, mlete haraka kituoni.

Ukiwa na swali, mwulize mhamasishaji wa afya wa zoni yako, au fika kituoni asubuhi yoyote. Na ukimkuta Papa kilimani, msalimie. Atakuwa anatembea.